Trekta Nimelirudisha

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako hajambo, na mbuzi wake amezaa mapacha. Trekta ulilotukodia lilifika jana likivuta plau la kulimia, nami nimelirudisha. Usinune kwanza, msikilize mjomba wako.

Tangu tulipoacha kupiga plau na kuyaacha mabua yaozee shambani, nyungunyungu wamerudi. Chakula chao ni hayo mabua, na vijia wanavyochimba ndivyo vinavyoyafikisha maji ya mvua mizizini. Plau huwakata, huwaanika wakaliwa na ndege, na vijia vyao hufukiwa.

Jirani alitucheka: “Dada, shamba lako liko timutimu kama nywele za mlevi!”

Mama yako akamjibu, “Lako umelinyoa, ndiyo maana mvua ikinyesha linahamia barabarani.”

Najua hofu yako. Mwaka wa kwanza bila plau mavuno yalipungua, na mama yako hana shamba jingine. Kwa hiyo sikuamua peke yangu. Dereva akisubiri, mama yako alifukua udongo kwa mkono, akakuta nyungunyungu wamejaa kiganja. Akawafunika taratibu, akasema, “Kaka, mwambie ageuze trekta arudi. Mimi naenda kuleta mbegu.”

Leo tumepanda nusu ya shamba.

Ni mimi mjomba wako, mgongo unauma, moyo umetulia.