Santuri ya Babu Nimeipata

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na yule ng'ombe mwekundu amezaa salama? Mimi huku Uingereza ni mzima, ila baridi imenikomesha. Nafua mashuka ya hospitali kutwa, na chumba cha kufulia ndicho pekee chenye joto, kwa hiyo sina haraka ya kutoka kazini.

Sasa lile jambo ulilonituma, la kuitafuta santuri. Mdogo wangu Aika amenisimulia kwa simu mlivyobishana na mwalimu mpya wa tarumbeta pale usharikani. Mwalimu anasema wimbo wa kumsindikiza bibi harusi mnaurudia kimakosa pale katikati. Wewe ukaapa kwamba ndivyo babu alivyoutoa kwenye santuri ya Waingereza, na ikithibitika umekosea, unatundika tarumbeta. Ulivyo mbishi, nilijua hutanii.

Nimeipata kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya zamani. Nilimwimbia mpaka akaitambua. Ni bendi ya dansi, kabla ya Vita vya Pili. Jina la mwimbaji halipo. Mzee anasema wengi walilipwa wakaenda zao bila kuandikwa. Na alivyoimba vizuri, Baba, utadhani anakuambia wewe peke yako.

Tukafika pale katikati, nikajiandaa kurudia. Yule mwimbaji akapita moja kwa moja. Nikamwimbia mzee tunavyoimba sisi. Akacheka mpaka akavua miwani, akaniuliza, "Santuri ya babu yako ilikuwa na mkwaruzo?" Kumbe sindano ilikuwa inanasa na kurudi nyuma, na babu akadhani ndivyo wimbo ulivyo.

Kwa hiyo umeshindwa, siwezi kukudanganya. Lakini nisikilize. Nilimwomba mzee aipige tena, na tulipofika pale nikaona pengo, nikalia dukani kama mtoto. Kwetu vigelegele hupigwa pale pale. Mama aliingia kihambani kwako, kwenye migomba ya ukoo, mkirudia pale, na sasa ni zamu ya Aika kutoka akiwa bibi harusi. Mwalimu mpe haki yake, umwambie ukweli wote. Ila kile kiapo, Baba, nakuomba ukitengue.

Msalimie mama, na shangazi muuza ndizi wa Kiboriloni. Bwana harusi mwambie asinenepe, suti nimeshanunua. Likizo nimepewa, nakuja. Nikiwa njiani nikasikia mmepita pale mara moja tu, nitajua hiyo ni harusi ya watu wengine, nitageuza.

Mwanao akupendaye,
Manka