Wanaoegemea Ukuta Wetu

Kulwa,

Pacha wangu, wewe ni mjinga. Nalisema sasa kwa sababu huwezi kunijibu. Ulipokuwa hai sikuwahi kukushinda kwa maneno.

Tangu tukuzike, majirani hawajatuacha. Turubai limeanuliwa, masufuria ya kukodi yamerudi, ndugu wa Mwakitolyo wameshaenda kwao, lakini kila jioni watu wanakuja kuegemea ukuta wa chumba chako, upande wa nje. Wachimbaji wenye vumbi la karasha za kusagia mawe hadi kwenye kope. Dada wa saluni. Yule mzee wa kanisa. Kimya, vichwa vimeinama. Mama anawachungulia dirishani, anafuta machozi: "Doto, waone. Walimpenda mwanangu." Ndipo anakula. Asipowaona, hali.

Nami nikawapenda, Kulwa. Nikaona haya kwamba nimelia kidogo kuliko wao.

Jumamosi nikakaa kwenye kompyuta yako nichape insha ya shule. Sijafungua kitu, feni yake inavuma kama inafukuzwa. Nikachokonoa mpaka nikaipata: seva! Umeiacha inafanya kazi peke yake, inagawa filamu zilizotafsiriwa kwa simu yoyote iliyo karibu na ukuta, bila bando. Na ukurasa wa mbele: "Welcome to Kulwa, feel you are home." Kiingereza cha wapi hicho? Nilicheka peke yangu. Halafu nikaona simu zilizoungwa muda huohuo. Nikachungulia nje.

Vichwa vimeinama.

Waombolezaji gani! Wanapakua filamu za ngumi. Wamekula wali wa msiba wetu, sasa wanamalizia na umeme wetu.

Nikaizima. Sikufikiri. Chai haijachemka, ukuta mtupu. Akabaki mzee wa kanisa, akapiga hodi. Nikasema moyoni, angalau huyu. Akavua kofia: "Pole sana, Mama Kulwa. Eti, na ile waifai nayo imekufa?"

Nayo! Kulwa, alisema *nayo*.

Mama akanitazama. Hakumfukuza, unamjua. Alisema tu, "Kumbe." Usiku sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyotoka.

Wewe ungewatukana mmoja mmoja kwa majina. Mimi mdomo hunifunga mbele za watu, hata salamu huitoa nusu. Basi nimefanya ninachoweza. Nimeiwasha tena na kuweka nywila ambayo, ukiniondoa mimi, anaijua Mama tu. Anayeitaka apite mlangoni kama mtu, aamkie, aketi, aseme jambo moja analokukumbuka nalo. Mama akiridhika, anamtajia.

Ungewaona! Wachimbaji wameingia, wakamwamkia Mama Kisukuma, "Mwadila, mayu," kwa adabu zote, kisha wakabaki kutazamana kama mbuzi kwenye mvua. Mmoja akajikaza: uliwahi kumtengenezea simu huku unamwita zuzu tangu mwanzo mpaka mwisho. Mama akacheka. Kulwa, alicheka, akamwongezea chai.

Mzee wa kanisa akasema ulikuwa kijana mwema sana.

"Hiyo ni ya kila marehemu, baba," Mama akamjibu. "Nenda kafikiri."

Akaondoka bila nywila. Mama akaniomba ugali.

Lala, pacha wangu. Siwasamehe hao, usinisihi. Ila nakuahidi kitu kimoja: seva yako sitaizima, na nywila nitaibadilisha kila Jumamosi, mpaka wawe wamemwambia Mama yote wanayoyajua juu yako.

Doto