Kwa Elinipendo: Tulimwambia Mwanao Umesafiri

Mwaka umezunguka, Elinipendo, tangu malaria ilipokupanda kichwani na kukuchukua kwa siku nne tu, Machi 1997. Tulikulaza Machame, kihambani, kwenye shamba la ukoo wa mumeo Primus, kati ya migomba na kahawa. Mvua za mwaka huu zilishusha udongo upande mmoja wa kaburi, Primus ameurudishia. Tunakuandikia hapa gazetini ili na wenzako wasome, maana tuna jambo la kukuungamia.

Kwanza tukushukuru. Ulikunywa chai ya vijiko vinne vya sukari, kisha ukawakataza watoto wetu pipi. Mifuko ya koti lako jeupe haikukosa kalamu za rangi, na mama yetu alilifua akinung'unika, "Daktari gani huyu anachafuka kama mtoto wa chekechea?"

Kazi yako hatukuielewa. Watoto waliolazwa mahututi wakapona, wewe uliwafuata hadi makwao, ukipanda milima kwa miguu na daftari lako, kuwauliza wanaota nini, wanaogopa nini. Akina mama walikushangaa. "Mtoto amepona, daktari, unatafuta nini tena?" Ukawajibu, "Mwili umepona, mama. Naulizia moyo wake." Mimi dada yako mkubwa, mwalimu mzima, nilikuambia hiyo ni kazi ya kumaliza soli za viatu. Nisamehe.

Ulitusimulia habari za Elisifa, binti wa miaka sita aliyekataa kulala wodini. Mwenzake wa kitanda cha pili alifariki, wakubwa wakamwambia ameruhusiwa, kaenda kwao. Lakini ndala za mwenzake zilikuwa bado chini ya kitanda, naye alikuwa akiziangalia wiki nzima. Ulipomwambia ukweli alilia sana, halafu akalala. Kisa hicho ulikirudia mezani mpaka tukakuomba ubadilishe kanda.

Tulikisikia vizuri, Elinipendo. Na ulipoondoka, tukamfanyia mwanao vile vile.

Huku kwetu mtoto mdogo haambiwi msiba. Siku ya mazishi tulimficha Loveness kwangu Moshi mjini, tukamwambia mama amekwenda masomoni Ulaya, kama ulivyokwenda mwaka ule wa tisini na nne. Alipokuandikia barua, mimi ndiye niliyezijibu. Niliiga mwandiko wako. Niliandika kwamba utarudi kahawa ikivunwa. Kahawa ikavunwa, ikaanikwa, ikapelekwa chama cha ushirika. Krismasi ikafika, Mchagga gani hapandi nyumbani mlimani? Yeye tulimwacha mjini ili asilione kaburi.

Akaacha kuandika. Akagoma kwenda shule, chakula akawa anakigusa tu, akaanza kukojoa kitandani, binti wa miaka saba. Tukampa dawa ya minyoo. Tukamwita mchungaji amwombee. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulikuwa tunaficha kifo chenyewe.

Januari, Beatrice, yule muuguzi uliyefanya naye utafiti, alituletea madaftari yako. Katika moja uliandika: "Mtoto akidanganywa hapumziki. Anabaki peke yake na kile anachokijua." Nilisoma nikaona aibu. Nikampelekea Primus naye asome.

Jumamosi iliyofuata alimpandisha Machame, sote tukiwepo, akamwambia mbele ya kaburi. Loveness hakulia. Alisema, "Nilijua. Jino langu lilikuwa linatikisika mama alipoondoka. Mama angeliulizia, na zile barua hazikuuliza." Kisha akataka kujua ulilazwa wapi, na nani alikushika mkono. Baba yake akamjibu yote. Akauliza tena, "Sasa mbona hamkuniita nije kumwona?"

Amerudi shule, na chakula anakula. Kila wiki Beatrice huja kukaa naye, wakichora. Lakini kwangu mimi amebakiza shikamoo tu, akishaitoa, anageuka. Ninastahili, ila inaniuma. Tunaogopa, Elinipendo. Wewe ndiye tungekuuliza kama moyo wa mtoto hupona, na huchukua muda gani.

Unakumbukwa na mumeo Primus, baba yako Mzee Elimringi, mama yako Yuditha, na mimi dada yako Kornelia. Hutatoka mioyoni mwetu siku zote tulizobakiziwa, na mwanao hatutamdanganya tena.

Loveness amekataa jina lake lipangwe pamoja na yetu. Ameomba mstari wake mwenyewe, nasi tumeuandika kama alivyousema:

"Mama, mimi Loveness nakukumbuka. Walikuwa wanasema utarudi, nami nikawa naitikia ili wasilie."