Mayai ya Banda la Chini

Jumatatu, 4 Machi

Hujambo, daftari langu? Mende hawajakutafuna huko kabatini? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu, ila roho inachemka. Nimekuja kwako maana mume wangu nikimwambia atasema nipunguze presha.

Leo mayai yametimiza siku kumi na nane kwenye mashine ya kutotolea. Nikazima taa za chumba, nikayapitisha moja moja kwenye taa ya kupimia. Siku hii yai zima linakuwa jeusi, kifaranga kalijaza, unaona kivuli kinacheza. Trei za kuku wa banda la juu — safi! Za banda la chini — kivuli kimetulia. La pili, limetulia. La tano.

Mashine moja. Joto moja. Niliyaingiza siku moja. Tofauti ni herufi niliyoandika kwa penseli kwenye ganda: J ya juu, C ya chini. Sasa mashine imejua kusoma, inachagua herufi?

Jumanne, 5 Machi

Meneja kaingia, manukato yametangulia. Hakuangalia hata trei moja. Eti, "Mama Joto, ulisinzia, mashine ikapoa." Mama Joto ndilo jina langu hapa kazini — miaka kumi na minne nalinda joto la mashine hizi kama la mwanangu mchanga! Nikamtolea fomu, joto limeandikwa kila saa. Akaweka kidole siku ya tisa: umeme ulikatika robo saa. Nimeandika mwenyewe, kwa mkono wangu. "Si hii hapa? Umekiri."

Robo saa! Kuku anayeatamia mwenyewe huinuka akaenda kula na kunywa, robo saa inapita, na vifaranga anatotoa. Ningekuwa mwongo leo ningekuwa salama. Mungu nisamehe, nilitaka kumrushia trei.

Jumatano, 6 Machi

Sijasema na mtu. Nimesali mara mbili, zote nusunusu. Hasira inaniingilia katikati ya maneno.

Alhamisi, 7 Machi

Wametoka. Wa juu wakavu, wachangamfu, kelele chumba kizima. Wa chini — wachache mno. Waliobaki ndani nimewapasulia ganda: kifaranga kamili, ana mdomo, ana macho, kafa bila kutoboa. Manyoya yamejisokota vifundovifundo. Na waliotoka hai wanatembelea visigino, vidole vimekunjwa ndani kama ngumi.

Vidole hivyo navijua! Mwalimu wa semina ya ufugaji alituonyesha picha. Alisema, mkiona hivi msikimbilie kulaumu joto, kaangalieni mama amekula nini. Ni kweli. Yai likishatagwa mimi naweza kulipatia joto, hewa, unyevu, naweza kuligeuza kiumbe asigande upande mmoja. Chakula siwezi kumpelekea. Alichowekewa na mama yake ndicho hichohicho mpaka siku ya kutoka.

Nikaenda stoo. Magunia yote ya banda la chini ni chakula cha kuku wa mayai ya kula. Si cha kuku wazazi, wanaotaga mayai ya kutotolesha! Na anayewalisha ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi hii.

"Shemeji, hiki nini?"

"Cha wazazi kilichelewa. Meneja akasema lisha hichohicho, kuku ni kuku."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa kwanza. Lakini shemeji, usinitaje. Nina watoto mimi."

"Na mimi nimezaa mawe?"

Akacheka kidogo, akaanza kufagia mahali ambapo tayari ni pasafi. Nikamwambia asikanyage kwangu tena. Ndiyo, nimesema. Sijutii. Najuta kidogo.

Saa ya kutoka meneja kaniletea barua imeshachapwa: mimi, kwa uzembe wangu, niliacha mashine ipoe. Nikisaini, nahamishiwa kusafisha mabanda. Nisiposaini, kesho mwenye shamba anakuja, na mimi nje. Nimemrudishia barua pamoja na kalamu yake.

Ijumaa, 8 Machi

Niko kwenye benchi nje ya ofisi, daftari magotini. Mwenye shamba kashafika, yuko ndani na meneja. Wanacheka! Kuna nini cha kuchekesha?

Asubuhi nilipita stoo. Magunia hakuna hata moja. Sakafu imepigwa deki. Mlinzi anasema shemeji ndiye aliyeyatoa kwa toroli, safari tatu, kichwa chini kama anayesindikiza maiti. Ee Mungu, nizuie mdomo huu!

Sasa meneja atasema herufi za penseli ningeweza kuzichora hata jana. Na vidole? Atasema ni baridi ya mashine. Nani atambishia? Ni yule aliyelisha tu.

Nimekuja na vifaranga sita wa chini kwenye boksi, wanalia hapa miguuni pangu. Mmoja anajaribu kusimama, anaanguka kifudifudi, anajaribu tena. Nimekasirika mpaka machozi yamegoma kutoka. Wamekosa nini hawa? Wameandaliwa vibaya kabla hawajawa chochote, halafu anatafutwa mtu wa kubeba lawama — Mama Joto huyo hapo!

Shemeji namwona kule. Kasimama mlangoni mwa banda la chini, ndoo mkononi. Haingii, haondoki. Nimemtumia ujumbe kwa simu. Naunakili hapa nisije nikaukana:

"Salamu, shemeji. Jana nilikuvunjia heshima, nisamehe. Sikuombi uongo. Nakuomba uje useme kuku wale walikula nini, basi. Wakikuuliza mbona hukukataa, nitawaambia uliogopa, kama ninavyoogopa mimi sasa hivi. Wakati wowote mlango unafunguliwa, naitwa. Tafadhali nijibu haraka."