Vyura Wawili wa Bonde la Baba

Jumatatu, 8 Januari
Mvua tena. Mabuti yamejaa tope. Nimeshuka bondeni kama kawaida kutafuta vyura wa utafiti wa Dokta wa chuo kikuu ninayemsaidia. Wa kwanza ni yule yule wa siku zote: kahawia, vidole vyembamba, kiangazi anajifukia ardhini. Yuko kila mahali, tangu mitaro ya mtaa wa Mfaranyaki mjini mpaka mashamba ya tumbaku Namtumbo. Hakuna anayehofia kwamba atatoweka.

Wa pili nimemkuta juu ya jani, karibu na chemchemi. Kijani. Ncha za vidole pana kama vifungo. Wote wawili ni ukoo mmoja, vyura wa miti, lakini huyu anapanda miti kweli. Sijawahi kumwona huku.

Alhamisi, 11 Januari
Dokta ameziona picha, akapiga simu. Ndiye aliyekuwa akimtafuta. Anaishi kwenye msitu wenye maji tu. Ukikatwa, hahamii shambani kama mwenzake. Yumo kati ya viumbe walio hatarini kutoweka. Dokta amefurahi sana. Lakini bonde ni la marehemu baba, na kaka Kastori anataka kulifyeka alime nyanya. Ripoti ikifika wilayani, atazuiwa.

Jumapili, 14 Januari
Baada ya misa nimemweleza Kastori. Niliona si vizuri asikie kwa watu. Amenisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Kwa hiyo chura ana haki kwenye bonde la baba, mimi sina?"

Ana watoto watatu, na shamba lake la mlimani limechoka.

Jumanne, 16 Januari
Amefyeka. Aliita watu wenye mapanga na shoka jana, kabla sijatuma ripoti. Miti yote ya kuzunguka chemchemi iko chini. Mimi ndiye niliyempa habari. Nina hasira naye. Na mimi mwenyewe zaidi.

Nimetuma ripoti, na picha za visiki.

Ijumaa, 19 Januari
Serikali ya kijiji, kwa amri ya wilaya, imesimamisha kazi bondeni. Nilimwamkia mama shikamoo, akaitikia akitazama ukuta. Baadaye akasema: "Umemshitaki ndugu yako kwa ajili ya chura."

Ni kweli. Na ningefanya tena. Hilo ndilo linaloniumiza.

Jumamosi, 27 Januari
Mvua imekatika mchana. Jioni nimeshuka bondeni. Kwenye madimbwi ya sehemu iliyofyekwa yule chura wa kawaida analia kwa wingi.

Kastori akaja. Hatujaongea tangu Jumapili ile. Akasimama, akasikiliza.

"Ndiye huyo?"

Nikamwambia siye, huyo yuko kila mahali. Mwenzake, kama bado yupo, atalia kule chini ilikobaki miti.

Akakaa kwenye gogo, akanisogezea nafasi. Tukasubiri mpaka giza likatukuta. Yule wa kijani hakulia.