Maharage ya Leonida na Ubao Wangu

Oldeani,
Karatu.
20 Julai 1980

Kwako mdogo wangu Leonida,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na shemeji na watoto, na kwamba baridi ya Mbulu haijakugandisha hivyo vidole vya kuchomea watu sindano. Huku sisi hatujambo. Wifi yako Lukresia anasumbuliwa na goti, mimi nasumbuliwa na Lukresia. Mvua ziliishia njiani, ila kahawa imejitahidi. Upara wangu nao unaendelea vizuri, ndilo shamba langu pekee lililopanuka mwaka huu.

Unajua kaka yako amekuwa mtu mkubwa. Tangu nikabidhiwe kisomo cha watu wazima, gazeti la ukutani pale kwenye ghala la kahawa ni langu. Chaki naifungia kabatini, ufunguo nauvaa shingoni. Redio ya kijiji inakaa kwangu. Gazeti linaloletwa na basi la Arusha linaanzia kwangu, nami nachagua la kunakili ubaoni. Watu wakibishana kilabuni, mmoja akisema imeandikwa ubaoni, ubishi umekwisha. Mzee Qamara hunitania kwamba kijiji hiki kina masikio mia nne na mdomo mmoja, tena wenye mapengo. Nilikuwa nacheka. Nilidhani ananisifu.

Sasa nije kwenye maharage yako. Mwezi wa tano nilikuandikia kwamba shamba lako ninalokuangalizia limeliwa, nikakunakilia na habari niliyoiweka ubaoni: ng'ombe wa Meitamei, yule Mmasai aliyepanda kutoka Olbalbal miaka sita iliyopita kufuata maji, wamekula maharage ya nesi wetu. Ushahidi wangu ulikuwa nini? Nilikuta nyayo za ng'ombe, na jana yake nilikuwa nimesikia kengele za mifugo yake zikipita. Basi. Nikaandika kwa ule mwandiko wangu mzuri, nikapiga na mstari chini.

Meitamei alikuja kesho yake. Alisema ng'ombe wake siku ile walikuwa ng'ambo ya korongo, akaomba na maneno yake yaandikwe. Nikamjibu kwa upole kabisa kwamba ubao umejaa, kuna habari za dawa ya kahawa. Akarudi. Safari hii ikawa zamu ya mbolea. Omary mwenye duka akamwonea huruma, akamruhusu abandike karatasi yake kwenye mlango wa duka. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nilimwendea Omary, nikamweleza kwamba magazeti yakiwa mawili watu watachanganyikiwa, na viongozi hawatapenda. Viongozi wenyewe hata habari hawakuwa nayo. Omary akasema haya, mwalimu, wewe ndiye mwenye chaki, akaibandua.

Kikao cha kijiji kilipokaa, wajumbe walishika kilichoandikwa, maana hapakuwa na kingine cha kushika. Wakaifunga njia ya Meitamei ya kwendea chemchemi. Mkewe Naisenya akawa anaswaga punda mpaka mto wa mbali, anatoka alfajiri, anarudi jua la utosi. Naisenya huyo huyo, Leonida, aliyekuzalisha mtoto wako wa kwanza kando ya barabara, uchungu ulipokukamata gari likiwa limezama kwenye tope.

Nawe ukaniandikia mwezi uliopita, kwa furaha, kwamba alikuja huko na mtoto anayeumwa kifua, akaomba umpe mahali pa kulala, ukamwambia aende akalale na ng'ombe wake walioshiba maharage. Niliisoma mara moja nikaikunja. Sikuweza kuirudia.

Mdogo wangu, ng'ombe alikuwa wangu. Yule mtamba mwekundu. Siku tatu baada ya kuandika ubaoni, Lukresia alikuwa anazoa samadi zizini akaniita, Mhariri, njoo usome na gazeti hili. Ndani ya kinyesi kulikuwa na maharage mazima, yale ya madoadoa, mbegu uliyotuletea wewe na ambayo hapa hakuna mwingine aliyeipanda. Kwa hiyo nilijua. Nilijua hata kabla kikao hakijakaa. Kusahihisha kungechukua mstari mmoja tu, lakini nani angeniuliza? Mwenye swali hakuwa na chaki. Nikanyamaza miezi miwili, mpaka barua yako ilipofika.

Juma lililopita niliandika ukweli, kwa herufi kubwa kuliko zile za kwanza. Watu wamecheka mpaka wengine wakakaa chini, na mtamba wangu sasa anaitwa Mhariri. Njia ya chemchemi imefunguliwa. Nusu ya ubao nimewakabidhi Omary na Meitamei, pamoja na chaki, na habari yao ya kwanza inauliza kwa nini redio ya kijiji inalala kwa mtu mmoja. Imeniuma. Sijafuta.

Aliyekuletea barua hii ni Naisenya mwenyewe, anamrudisha mtoto kupimwa. Kusoma hajui, lakini hakuna neno humu asilolijua, kwani nilimsomea yote kabla ya kufunga bahasha, naye akanisahihisha mahali pawili. Nilikuwa nimeandika kwamba ulipomkatalia alilala usiku mmoja kwenye baraza la duka huko Mbulu. Akasema ni siku tatu. Na nilikuwa nimeandika kwamba alilia. Akasema hilo futa, sikulia, nilikuwa ninaimba ili mtoto alale.

Nimefuta. Hapo unaposoma amesimama mbele yako. Hasira zako nitumie mimi kwa basi la Karatu. Yeye mpe chai, na kitanda.

Lukresia anakusalimu sana na anamsalimu shemeji. Watoto wabusu kwa niaba yangu, mmoja mmoja, asibaki hata mmoja.

Ni mimi kaka yako mwenye mtamba,
Piusi Hhando