Nimeikata Picha ya Lori

Mjomba,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu salamu ndefu hukuzipenda, na kwa sababu ni kweli. Mabega yananiuma kwa kubeba projekta ya parokia, macho yanawasha kwa vumbi la Chimala, na koo langu limekauka kwa kusema. Ndiyo, mimi. Yule uliyemwita Redio Bila Betri amesema mbele ya darasa zima la watu, na hakufa.

Filamu yako ilirudi. Pale hospitali kila mtu akiingia na mfuko ulikuwa unainua kichwa: "Wameshaisafisha?" Mama akadhani unaulizia shuka, akakuapia kuwa amezifua kwa mikono yake. Tulicheka mimi na wewe mpaka ukashikwa na kikohozi, nikajuta kucheka. Kifurushi kimefika kutoka Ulaya wakati matanga tumeshaanua. Mama hakukifungua. Alikiweka kitandani kwangu, akaenda kupalilia.

Chumba chako cha Mwanjelwa, kule Mbeya, sasa anakaa fundi cherehani. Kamera yako iko kwetu Iringa, chini ya kitanda cha Mama, imefungwa kwenye ile sweta yako ya bluu. Hataki iguswe. Mimi niko likizo, lakini vitabu sijavishika. Nikifungua Kiingereza nayaona maneno uliyonipa nikuandikie kwa ajili ya filamu. Pale kwenye picha ya lori niliandika kwamba mama mmoja anawalilia waliobomolewa nyumba. Uliisoma sentensi hiyo, Mjomba. Ukasema, "Nzuri." Basi.

Rafiki yako Kessi alikuja kutoka Dar kuitazama. Tuliionyesha ukutani kwa padre, mapazia yakiwa yamefungwa. Ilipofika picha ya lori akasimama kabisa. Unaijua, umeipiga mwenyewe: watu wa kijiji cha zamani wamepakiwa na vinu na mikeka yao, na katikati yao mwanamke mmoja kainama, khanga imefunika uso wote. Nyuma yake mzee kageukia upande wa pili. Lori linaruka, migongo yao inagongana. Kessi akasema, "Hii ndiyo filamu. Ukiitoa hii, unabaki na vumbi." Alitaka kuondoka nayo siku ileile, akawaonyeshe wakubwa anaowajua, waone watu walivyohamishwa wakatupwa mahali pasipo na maji.

Nikakataa. Sauti ilitoka ndogo sana mpaka nikarudia. Nikamwambia kwamba wewe, Mjomba, ulikuwa na sharti lako: aliyepigwa picha anajiona kwanza yeye, ndipo wengine. Kessi akanitazama kama vile kiti kimesema.

Ndivyo nilivyofika kijiji kipya walikohamishiwa, bondeni kutoka Chimala. Katekista alikubali kuja na jenereta. Tuliziba madirisha ya shule kwa magunia, shuka tukalitundika juu ya ubao. Filamu haina sauti, kwa hiyo kila kitu nilitakiwa kukisema mimi, kwa Kiswahili changu na Kinyakyusa kibovu nilichochota kwa Mama. Nilijibana nyuma ya projekta ili wasinione.

Mwanzoni walinisaidia kwa kelele.

"Yule mbuzi wangu!"

"Mbuzi kanenepa kukushinda!"

"Na mimi nilikuwa nimenenepa kabla hawajanileta hapa!"

Walicheka, Mjomba. Waliona migomba yao ya zamani wakanyamaza, halafu wakacheka tena walipojiona wanatembea. Nikaanza kudhani naweza kazi hii.

Kisha likaja lori. Nikasema, kama tulivyoandika, kwamba mama huyu analia. Nikasikia benchi la nyuma kabisa linakwaruza. Mama Atupele, mwenyewe wa kwenye picha, alikuwa amesimama na khanga usoni, vilevile kama kwenye shuka, anatoka mbio. Wanawake wakaguna. Mzee Ambakisye, yule wa kwenye lori, aliyekuwa amekaa benchi la mbele, akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Nikazima projekta. Sikujua nimekosa nini.

Nilimkuta Mama Atupele nyuma ya shule.

"Mwanangu, wewe umekulia Iringa, sikulaumu," akaniambia. "Yule mzee ni baba mkwe wangu, na kwetu mkamwana haonekani na mkwewe. Tangu niolewe sijawahi kupita mbele ya macho yake. Nikimwona njiani naingia majanini. Siku ile tulipakiwa kama magunia, na kila lori likiruka namgusa mgongo. Sikuwa nalia. Nilikuwa najificha."

Nikajaribu. Kweli nilijaribu, kwa ajili yako. Nikamwambia wakubwa wakimwona yeye ndipo watakapoelewa, pengine kisima kitachimbwa.

"Kisima kikavu waonyeshe. Ndoo zangu waonyeshe, na miguu yangu ilivyopasuka kwa kufuata maji. Mimi pale nitoe." Halafu akasema polepole, "Siku ile tulilazimishwa. Leo nani ananilazimisha?"

Mimi hayo ya mkwe sikuyajua.

Lakini wewe ulijua. Hapo ndipo ninapochokea, Mjomba, kuliko projekta na barabara. Mimi ni mtoto wa Mhehe, mila za kwa mama nazisikia nusu nusu. Wewe umezaliwa humo. Ulipoweka jicho kwenye kamera uliwajua wale wawili ni nani na kwa nini wamegeuziana migongo, na ukaendelea kupiga. Uliposoma sentensi yangu kwamba analia, ulijua ninakosea. Ukasema nzuri. Je, ulitaka kumwuliza mwenyewe kijijini, ukija na filamu mkononi? Au ulitumaini atasema haidhuru? Nakulilia na nakukasirikia kwa pumzi moja, na hakuna mtu wa kumwambia, kwa sababu msibani kila mtu alisema tu jinsi ulivyokuwa mwema. Ulikuwa mwema. Ndiyo maana inauma.

Nimeikata. Nilikaa kwenye meza ya mwalimu, nikatumia wembe na gundi kama ulivyonifundisha kwenye vipande vilivyoharibika. Unajua hakuna nakala nyingine, ni ileile iliyopita ndani ya kamera yako. Maungio yamenyooka. Pale palipokuwa na lori nimeunga kipande cheusi. Giza linapita, kisha wanaonekana wanashuka kwenye nyika, na baadaye ndoo zimepangwa kwenye kisima kikavu.

Kipande nilimpa Mama Atupele. Hakukiinua kwenye mwanga kama kila mtu afanyavyo akishika filamu. Alikikunja, akakifunga kwenye pindo la khanga, akaenda zake kutafuta maji. Mzee Ambakisye alinikuta nafunga vyombo. Alinishikia mkebe wa filamu mpaka nikamaliza kukaza kamba, akasema, "Ndaga," shukrani hiyo moja tu, akaondoka kwa njia ya upande mwingine.

Kessi alikuwa ananisubiri Mbeya, nikamweleza. Akasema nimeua kazi yako nzuri kuliko zote, na pengine nimekiua na kisima. Inawezekana. Nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo. Hata hivyo atawaonyesha wale wakubwa, na amesema lazima niwepo, maana maneno yetu ya zamani hayafai tena.

Kwa hiyo nitakwenda, mimi ninayejificha hata mwalimu akiita majina. Ikifika pale penye giza nitasimama pembeni ya shuka wanapoweza kuniona. Nitawaambia kwamba hapa palikuwa na mama aliyepandishwa lori bila kuulizwa, na safari hii ameulizwa, akakataa. Halafu nitawaonyesha kisima chake.

Lala, Mjomba. Kamera nitaiomba kwa Mama siku moja, siyo sasa. Na nikiwa nayo nitauliza kabla ya kuweka jicho, hata nikiikosa picha. Hilo nakuahidi wewe, na nimeshamwahidi yeye.

Betri ni kidogo, lakini ipo.

Redio wako